Amplifaya Kwanza, Gitaa Baadaye

Leo tuanze na fedha, muziki utafuata.

Kijana aliyepania kupiga bluzi ya umeme, ile ya akina Muddy Waters na B.B. King, akishadunduliza kiasi cha kutosha huingia dukani na macho yake yakaenda moja kwa moja ukutani, kwenye magitaa yanayoning'inia. Atachagua lenye rangi ya kung'aa na jina kubwa kichwani. Kwa chenji inayobaki atabeba amplifaya yoyote atakayoonyeshwa, kisanduku chepesi chenye vitufe vingi. Akifika nyumbani anachomeka, anapiga, na kinachotoka ni sauti kavu, nyembamba, isiyo na Chicago, jiji la bluzi ya umeme, ndani yake hata chembe. Analaumu vidole vyake. Mwezi unaofuata ananunua pedali ya kubadili sauti. Mwezi mwingine, pedali ya pili ya kurekebisha ile ya kwanza.

Mimi nasema fedha yake ameipanga kinyumenyume. Anayeitaka sauti ile anunue amplifaya kwanza, tena iwe ndogo. Gitaa lifuate, hata likiwa la bei ya kawaida. Pedali zije mwisho, kama zitahitajika. Wapo wapigaji watakaonipinga, na baadhi yao wananizidi kwa mbali kwenye nyuzi, lakini nipeni dakika hizi chache nijieleze.

Mwaka 1941 mkusanyaji wa nyimbo za wenyeji, Alan Lomax, alifika kwenye shamba la pamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, akiwa na mashine ya kurekodia. Mmoja wa waliopiga mbele ya mashine ile alikuwa dereva wa trekta, McKinley Morganfield, ambaye watu walimwita Muddy Waters. Gitaa lake lilikuwa la mbao tupu, lisilo na umeme, na kwa nyumba ya shambani lilitosha na kubaki. Mwaka 1943 akahamia Chicago, kama walivyofanya watu weusi wengi wa kusini waliokimbilia kazi za viwandani na machinjioni. Kilabuni kule watu wametoka zamu, wana mshahara mfukoni, wanacheka, wanacheza, chupa zinagongana. Gitaa la mbao halimfikii hata aliyekaa meza ya pili. Muddy akapata gitaa la umeme. Urembo wa sauti haukuwa kwenye hesabu yake siku ile. Alitaka asikike, basi.

Na Jumapili, kwenye soko la mtaa wa Maxwell, wanamuziki walipitisha waya dirishani kwa mwenye nyumba, wakamlipa chochote, wakapata umeme wa kupigia barabarani. Amplifaya walizokuwa nazo zilikuwa ndogo, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi anayejifunzia sebuleni. Wao wakazizungusha vitufe hadi mwisho, maana bila hivyo ngoma na kelele za soko zingewameza. Zilipofika mwisho zikaanza kukoroma. Mkoromo ule, ambao mtengenezaji aliuona kama kasoro ya kifaa chake, ndio leo watu wanavuka bahari kuutafuta.

Kwa nini zilikoroma vile? Wenye umri wangu mnazikumbuka redio za valvu. Unawasha, unasubiri ipate moto, na ukichungulia kwa nyuma unaona vichupa vya kioo vikiwaka rangi ya chungwa. Amplifaya za gitaa zilitoka tumbo moja na redio zile. Leo Fender, ambaye jina lake wapiga gitaa wa dunia nzima wanalijua, alikuwa fundi redio mjini Fullerton, California, na hakuwahi kujua kupiga gitaa. Alijua valvu.

Gitaa la umeme linatoa umeme mdogo sana, na kazi ya valvu ni kuukuza. Ukiiomba kidogo inakupa sauti safi. Ukiiomba kupita uwezo wake haigomi ghafla. Inaanza kuvibana vilele vya mawimbi, inaviviringisha, na katika kuvibana huko inazaa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo kwenye uzi wenyewe. Sikio halizisikii moja moja, linasikia unene. Mnamjua mnadi wa mitumba saa kumi jioni: amepaza sauti tangu asubuhi, koo limekwaruza, lakini kila neno lake linafika ng'ambo ya barabara, na lina nguvu kuliko lilivyokuwa asubuhi. Ndivyo inavyosikika valvu iliyochoshwa kidogo. Kubanwa huko kuna faida nyingine: noti iliyopigwa kwa nguvu inazuiwa isiruke, na ile inayofifia inabaki masikioni muda mrefu zaidi, kwa hiyo ukivuta uzi ukautetemesha unaimba badala ya kufa. Transista katika amplifaya nyingi za bei rahisi ina tabia nyingine. Inakwenda safi, safi, safi, halafu inafika ukomo na kulikata wimbi juu, na sikio linachubuka.

Ukitaka ushahidi kwamba sauti hii inakaa kwenye amplifaya kuliko kwenye gitaa, msikilize mtu ambaye hakushika gitaa kabisa. Mwaka 1952 Little Walter, aliyekuwa mwanabendi wa Muddy Waters, alirekodi "Juke". Alipiga kinanda cha mdomo, akikibana pamoja na kipaza sauti ndani ya viganja, na waya ukaenda kwenye amplifaya. Hakuna uzi, hakuna mti, hakuna pikapu ya kudaka mtetemo wa nyuzi, na bado kuna unene uleule na mkwaruzo uleule.

Sasa tuje kwenye ukubwa, maana hapa ndipo fedha inapopotea. Watu wanadhani amplifaya ya wati 50 ina kelele mara kumi ya ile ya wati 5. Sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikizidishwa mara kumi, sikio linasikia takriban mara mbili tu. Kwa hiyo wati 5 za valvu, kitufe kikiwa kimefunguliwa sawasawa, zinatosha kumletea jirani mlangoni kwako. Anayenunua wati 50 au 100 kwa ajili ya chumbani atakaa maisha yake yote na kitufe kwenye moja na nusu. Valvu zake hazitawahi kutoka jasho, na sauti atakayoisikia ni ya mashine iliyolala. Kwa chumbani na kurekodi, wati 5 zinatosha. Ukiwa na mpiga ngoma asiye na hasira, wati 15 hadi 20. Kwa ukumbi mkubwa weka kipaza sauti mbele ya spika, vyombo vya ukumbi vifanye kazi iliyobaki.

Mtaniuliza, mbona wakubwa walikuwa na amplifaya kubwa? Ni kweli. Iliyosifiwa kupita zote ni Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye spika nne za inchi 10 na wati zinazozidi kidogo 40. Jina lake lenyewe linakuambia ilikuwa ya gitaa la besi. Wapiga besi hawakuwa na furaha nayo sana, wapiga solo wakaichukua. Buddy Guy, aliyetoka Louisiana na kufika Chicago mwaka 1957, ameipiga sana na gitaa lake la Stratocaster. Mapema miaka ya 1960, huko London, Jim Marshall, mwenye duka la ngoma, pamoja na mafundi wake walinakili mzunguko wa Bassman wakatengeneza amplifaya yao ya kwanza. Mwaka 1966 kijana Eric Clapton aliingia studio na bendi ya John Mayall akiwa na gitaa la Les Paul na amplifaya ya Marshall, akakataa kupunguza sauti. Mafundi wa studio walizoea wapiga gitaa wenye adabu. Kipaza sauti kikasogezwa mbali, rekodi ikafanyika, na Waingereza wengi waliokuwa wakipiga gitaa wakajikuta wanaitaka sauti ile. Lakini angalieni sharti lake: amplifaya ilikuwa wazi kwa nguvu za ukumbini. Ukiinunua ileile ukaishusha ili watoto walale, umenunua sanduku zito.

Zipo habari mbili ambazo kila muuzaji wa vifaa vya gharama angependa zisahaulike. Ya kwanza ni ya Machi 1951, Memphis. Bendi ya Ike Turner ilikuwa imetoka Mississippi kwenda kurekodi "Rocket 88" kwa Sam Phillips, mwenye studio, na njiani amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikaharibika. Wengine husema ilianguka kutoka kwenye gari, wengine husema ilinyeshewa. Koni ya spika ilichanika. Hapakuwa na muda wa kutafuta nyingine, kwa hiyo Phillips akasokota karatasi ndani ya spika kuishikilia, ikatoka sauti ya kuzomea na kuvuma, akaiacha hivyohivyo kwenye rekodi. Wimbo ule ukashika namba moja kwenye orodha ya nyimbo za watu weusi Marekani.

Ya pili ni ya Hound Dog Taylor, na huyu nampenda bila kujitetea. Alipiga Chicago kwa miaka mingi kwenye vilabu vidogo, na bendi yake ilikuwa magitaa mawili na ngoma, hakuna besi. Gitaa lake lilikuwa la Kijapani la bei ya chini kabisa. Amplifaya yake ilikuwa Silvertone, chapa ya duka la Sears lililokuwa likiuza vitu kwa katalogi na kuvituma kwa posta hadi mashambani, na spika zake zilikuwa zimepasuka. Mwaka 1971 kijana mmoja aliyekuwa akimshabikia, Bruce Iglauer, alianzisha kampuni ya rekodi ya Alligator ili tu sauti ile itoke kwenye santuri. Ikatoka. Leo kuna watu wanazitafuta Silvertone zile kwa bei ambayo Taylor mwenyewe angeicheka hadi alie.

Hapa mwenye kunipinga ananishika shati. Anasema: wewe unahubiri valvu, na B.B. King je? B.B. King kwa miaka mingi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alitumia amplifaya ya Lab Series L5, ya transista. Albert King, yule mtu mrefu aliyepiga kwa mkono wa kushoto na nyuzi zikiwa zimegeuzwa juu chini, naye alitumia Acoustic 260, ya transista pia. Hawa wawili wakikosekana kwenye orodha ya bluzi ya umeme, hiyo orodha ichomwe.

Sina ujanja wa kulikwepa hilo, na kwa kweli linanisaidia. Linaonyesha kuwa kabla ya kununua chochote unapaswa kujua unamfuata nani. Sauti ya B.B. King haikwaruzi sana. Ni noti moja, safi, ya mviringo, inayotetemeshwa kwa kidole cha kwanza huku kiganja kikiwa kimeachia shingo ya gitaa. Anachohitaji mtu kama huyo ni amplifaya yenye nafasi kubwa isiyolemewa, pamoja na spika nzuri, na kwa kazi hiyo transista iliyotengenezwa vizuri inafaa kabisa. Muddy, Buddy Guy na Hound Dog Taylor wanataka kitu kilicho ukingoni mwa kulemewa. Ndiyo maana nasema amplifaya kwanza: hiyo ndiyo inayoamua umeingia nyumba gani ya bluzi. Gitaa moja linaweza kuingia nyumba zote.

Na kuhusu B.B. King, sisi wa upande huu tuna la ziada. Septemba 1974 alipiga Kinshasa, kwenye tamasha kubwa lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akajeruhiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukusubiri. Kwenye jukwaa lile walikuwepo James Brown, Celia Cruz, na mwenyeji wao Franco na OK Jazz. Sikio lililolelewa na solo za Franco, au za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, limezoea gitaa safi, lenye mng'ao, lisilokwaruza. Kwa mpigaji aliyetoka kwenye dansi, njia fupi ya kuingia kwenye bluzi inapitia kwa B.B. King, kwa sababu hatalazimika kubadili vyombo vyake sana. Atabadili mwendo wa mkono. Solo ya dansi inatiririka, noti zinafuatana bila kuchoka. B.B. anapiga tatu, ananyamaza, anamwachia mwimbaji ndani yake ajibu. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko noti zote, na hakuna duka linalokuuza.

Kuna kosa la kwetu ambalo lazima niliseme. Kwenye kumbi nyingi na makanisani, gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa na kutokea kwenye spika kubwa za ukumbi. Kwa gitaa safi inavumilika. Kwa bluzi ni msiba, hasa ukiwa na pedali ya kukwaruza. Spika ya gitaa, ya inchi 10 au 12 na koni ya karatasi, haina uwezo wa kutoa zile sauti za juu kabisa. Inazifyeka, na ufyekaji huo ni sehemu ya sauti yenyewe. Spika ya ukumbi inazitoa zote bila huruma, na mkwaruzo uliotakiwa kuwa wa joto unatoka kama nyuki waliochokozwa. Kama huna amplifaya ya kubeba, siku hizi zipo pedali za kidijitali zinazoiga amplifaya pamoja na spika yake. Hakikisha sehemu ya kuiga spika imewashwa unapochomeka kwenye mikisa. Kwa mpigaji wa ukumbini asiye na usafiri, huo ni ununuzi wa busara, na sitamcheka. Nimesikia watu wakipiga bluzi tamu sana kwa kifaa kinachoingia kwenye mfuko wa koti.

Gitaa sasa, na hapa nitapita haraka kuliko wengi wanavyotarajia. Kitu cha kuangalia kwanza ni pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi. Ya koili moja, kama kwenye Telecaster na Stratocaster, inatoa sauti inayokata na kung'ata. Muddy alipiga Telecaster nyekundu miaka mingi. Ya koili mbili, iliyobuniwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950, ni nene na tulivu zaidi. Katikati yake kuna P-90 ya Gibson, koili moja lakini pana, yenye unene na ukali kwa pamoja. Hubert Sumlin aliitumia kwenye Les Paul ya rangi ya dhahabu alipokuwa akimpigia mwimbaji Howlin' Wolf, na kama mtu angeniambia nichague moja tu kwa bluzi ya Chicago ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili. Koili moja zina ubaya wake: zinadaka mvumo wa umeme wa ukutani na wa taa za tyubu. Kwenye nyumba ambayo nyaya zake hazina ardhi, mvumo huo utakuwa mwanabendi wa kudumu. Anayeishi kwenye jengo la namna hiyo achukue koili mbili.

Mwili wa gitaa usikupotezee usingizi. Gitaa la ES-335 lililotoka mwaka 1958, nusu tundu na gogo la mti katikati kuzuia lisipige kelele lenyewe jukwaani, ni zuri mno, na ndugu zake ndio waliowabeba B.B. King na mpigaji mwingine wa bluzi, Freddie King. Ni zuri pia kwa bei. Gitaa la kawaida lenye shingo iliyonyooka, linaloshika tuni, lenye pikapu moja inayokufurahisha, linafanya kazi. Bora fedha nyingine umpe fundi alirekebishe urefu wa nyuzi.

Kuhusu nyuzi zenyewe kuna imani kwamba bluzi ni ya nyuzi nene. Chanzo chake ni Stevie Ray Vaughan wa Texas, aliyefunga uzi mwembamba kabisa wa unene wa sehemu 13 kati ya elfu moja za inchi, wakati wengi wanafunga 9 au 10, na akashusha tuni nzima kwa nusu hatua. Vijana wakamwiga, wakachanika vidole. Billy Gibbons wa ZZ Top, Mteksasi mwingine, husimulia kwamba alipokuwa kijana alimpa B.B. King gitaa lake ajaribu, na B.B. akamuuliza kwa nini anajitesa na nyuzi nzito kiasi kile. Gibbons akahamia nyuzi nyembamba, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa sauti yake ni nyembamba. Funga 10, uzivute bila kuumia. Walio Dar es Salaam, Mombasa na Unguja waongeze kitambaa kikavu kwenye begi: hewa ya chumvi inakula chuma, na uzi wenye kutu hauimbi. Futa kila ukimaliza kupiga.

Mkono ni kifaa kisichouzwa. Inasimuliwa kwamba Howlin' Wolf alimrudisha Sumlin nyumbani akajifunze kupiga bila kipande cha plastiki, na toka siku hiyo Sumlin akapiga kwa vidole vitupu. Msikilize kwenye "Killing Floor" ya 1964. Albert King alitumia kidole gumba. Freddie King alivaa plastiki kwenye gumba na chuma kwenye kidole cha shahada, ndiyo maana noti zake zinadunda hivyo. Wote watatu wangekaa mbele ya amplifaya moja, kwa gitaa moja, ungewatambua ukiwa umefumba macho. Jaribu usiku mmoja kupiga kwa nyama ya kidole tu. Utasikia ukali umepungua, unene umeongezeka, na hujatoa hata senti.

Pedali nitazipa sentensi chache. Inayofaa kumiliki, kama ni moja, ni ya aina ya Tube Screamer, iliyotoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupata umaarufu miguuni pa Vaughan. Watu wengi wanaitumia vibaya. Wanafungua kitufe cha mkwaruzo hadi mwisho na kuiacha pedali ifanye kila kitu. Fanya kinyume: mkwaruzo karibu na sifuri, sauti juu, ili pedali iisukume amplifaya na valvu zifanye kazi yao. Mwangwi kidogo wa springi, kama umo ndani ya amplifaya, unatosha. Zaidi ya hapo umeingia muziki mwingine, ambao sina ugomvi nao.

Neno la tahadhari kwa wanaoletewa amplifaya za zamani na ndugu walioko Marekani. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230 hadi 240. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja, halafu utanusa. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya amplifaya kwa nafasi ya kutosha. Umeme wa kule pia ni wa mizunguko 60, wetu 50, kwa hiyo transfoma ya ndani itapata moto zaidi kidogo kuliko ilivyozoea. Usiifunike kitambaa cha mapambo. Na usiifungue kwa bisibisi hata kama imezimwa na kuchomolewa. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna kapasita zinazoweza kushikilia volti mia kadhaa muda mrefu baada ya kuzimwa. Zimeua mafundi waliojua wanachofanya. Mpelekee fundi mzee wa redio, mtu aliyezishika valvu zilipokuwa kazi ya kila siku. Wapo bado, na wengi watafurahi kuona kazi hiyo imerudi.

Ukifika dukani kujaribu, mwambie muuzaji aondoe pedali zote. Weka vitufe vya toni katikati. Fungua sauti ya amplifaya taratibu hadi ufike pale ambapo ukiupiga uzi kwa nguvu inakwaruza, na ukiupapasa inabaki safi. Amplifaya nyingine hazina mahali hapo kabisa: ni safi, halafu ghafla ni kelele. Hizo mrudishie. Ukipapata, usiguse tena amplifaya, tumia kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa lako. Kishushe hadi sita, unapata sauti ya kuandamana na mwimbaji. Kipandishe hadi kumi, unapata solo. Wapigaji wa enzi ile wasiokuwa na pedali waliishi hivyo, kwa kitufe kimoja na nguvu ya mkono. Kaa hapo hata robo saa, muuzaji akikunja uso mwache akunje. Unachokipima ni kama kifaa kinakujibu: ukibadili mkono, nacho kibadilike. Kama kinatoa sauti ileile hata ukipiga kwa upole au kwa hasira, hakifai kwa bluzi hata kingekuwa na taa ngapi.

Muda wangu umeisha. Fundi mitambo anatuwekea Live at the Regal, B.B. King jukwaani Chicago, Novemba 1964, kisha ile santuri ya kwanza ya Hound Dog Taylor ya 1971. Kwenye ya kwanza sikiliza anavyonyamaza watu wanapopiga kelele. Kwenye ya pili sikiliza spika zilizopasuka. Hazikuharibika kwenye redio yako, ndivyo zilivyorekodiwa, kwa hiyo tafadhali msitupigie simu.